Harusi ya watu 9 na ndafu ya mkate

Sisi hatukwenda kuoana Denmark kwa ajili ya bahari wala picha nzuri, tulikwenda kwa ajili ya makaratasi. Nilikuwa naishi Hamburg, mchumba Mjerumani, na ofisi moja ya ndoa kule ilikuwa inataka cheti cha kuzaliwa, inataka karatasi ya kuthibitisha sijaolewa popote, vyote vipite kwenye mihuri na kwa mtafsiri aliyeapishwa, na kila karatasi ina umri wake, ikifika hii ile ya mwanzo wanasema imeshazeeka leta mpya. Dada yangu alishuka kutoka kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kwenda Moshi mjini kufuatilia mpaka makonda wa ile njia wakawa wanamuuliza, vipi, bado hajaolewa tu?

Aliyetutoa huko ni shoga yangu wa Mombasa. Nilikuwa nimekaa jikoni kwake ananisuka, nalalamika weee, akaniambia, "Wajitesa bure wewe. Enda Denmark. Mimi na bwanangu tulioana huko na hatukuwa twamjua mtu hata mmoja." Nikadhani utani. Kumbe Wajerumani wenyewe wanajua hiyo njia miaka mingi, mtu akikwama na ofisi za kwao anavuka mpaka. Tangu 2019 maombi ya wageni yote yanapitia ofisi moja ya serikali inaitwa Familieretshuset, unajaza kwenye intaneti, unapakia pasi, kibali cha kuishi, na maelezo ya mlivyojuana maana wanataka kuhakikisha sio ndoa ya mchongo. Karatasi zikikamilika wanatakiwa wajibu ndani ya siku 5 za kazi. Sisi cheti cha kuzaliwa hatukuulizwa kabisa, nilikaa naangalia ile skrini kama nimetapeliwa. Kile cheti cha ruhusa kinaishi miezi 4, mkichelewa mnaanza upya.

Sasa nani amwambie baba.

Baba alikuwa anamjua mchumba, alikuja Krismasi ya 2021 kujitambulisha, akanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, akamaliza kata bila kukunja uso, wazee wakampenda hapo hapo. Ila baba alikuwa na harusi yake kichwani tangu mimi niko kidato cha pili. Kanisani, ukumbi, sendofu, kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, kadi za michango mpaka kwa watu wa Rombo, na katikati ya ukumbi inaingizwa ndafu kwa muziki, mbuzi mzima kachomwa kasimama, kang'ata majani mdomoni. Mchaga bila ndafu ameoa au amesindikiza mtu? Nilipompigia nikamweleza akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Afu akasema, "Ndoa ya bomani. Kisiwani. Bila mzazi hata mmoja. Umefanya nini mpaka ukimbie?" Nikamweleza kuhusu viza, kwamba tukianza kuhangaikia viza zao ile miezi 4 inaweza ikaishia njiani. Akasema asante kwa taarifa. Taarifa! Kama nimempigia kutoka Tanesco kumwambia kuna mgao wa umeme.

Aliyeokoa hapo ni baba mdogo. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akakata jani la isale, akaenda nalo kwa kaka yake asubuhi kabla ya chai, akaliweka mezani. Kwa sisi watu wa mlimani isale likiletwa kuombea msamaha sio kitu unakisukuma pembeni ukaendelea na uji wako. Baba alilala nalo. Kesho yake akanipigia mwenyewe, "Sawa binti yangu. Lakini sare ziwepo. Na ndafu iwepo." Akakata.

Mama yangu ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na soko la Mbuyuni, mimi nimekulia chini ya meza yake nikiokota vifungo. Alinitumia kitenge kwa mtu aliyekuwa anasafiri, njano ya haradali na kijani, vipande vya yadi 6 6, na yeye akabaki na vingine vya kuwashonea wa nyumbani ili siku hiyo tuvae sawa huku na huko. Mashine niliazima kwa bibi jirani, mjane wa ghorofa ya chini, Pfaff ya zamani ya chuma, nzito hiyo, ilipandishwa ngazi na wanaume wawili na yeye nyuma anawagombeza. Na yeye nikamkaribisha harusini, ungefanyaje.

Watu wanasema harusi ndogo haina stresi. Waongo. Harusi ya kamati ina kamati, mapambo yakiharibika unamlaumu mtu wa mapambo, chakula kikipungua kuna mtu wa chakula. Harusi ya watu 9 wewe ndo mapambo, wewe ndo usafiri, wewe ndo MC na ndo mweka hazina na bado unatakiwa uwe bibi harusi mwenye ngozi laini. Nilikuwa natoka kazini nashona mpaka bibi wa chini anagonga dari kwa ufagio, mashine yake mwenyewe hiyo inampigia kelele. Mashati matano, sketi, gauni la wifi, la shoga. Baba mkwe alituma vipimo vya kiuno nikamsomea mama kwenye video, mama hakuinua hata kichwa, "Ongeza inchi mbili, hakuna mwanaume anasema ukweli wa kiuno." Nikaongeza. Shati lilimtosha kama ngozi yake.

Gauni langu lilikuwa lesi nyeupe ya kawaida tu, bitana ndani nikaweka kile kile kitenge, ukitembea ndo kinaonekana kidogo. Mama aliweka sharti moja, pindo lishonwe kwa mkono. Nikalishona kwenye treni asubuhi nikienda kazini, Wajerumani wananiangalia hawasemi kitu, ila mama mmoja wa makamo akanikopesha mkasi.

Tulichagua Ærø, kisiwa kidogo kusini mwa Denmark, wakazi elfu 6 hivi, na kila mwaka maelfu ya wageni wanakwenda pale kuoana na kuondoka, yani ni biashara yao kama sisi na watalii wa mlima. Tuliendesha magari mawili kutoka Hamburg mpaka Flensburg, tukavuka mpaka, Sønderborg, halafu bandari ndogo ya Fynshav ambako kuna feri inaitwa Ellen, ya umeme mtupu, ilianza kazi 2019. Mimi niliyezoea pantoni la Kigamboni na moshi wake nilisubiri ingurume nisikie kuwa tunaondoka, nageuka naona nchi kavu iko mbali. Ilikuwa Julai 2022, upepo wa bahari, na mimi nimelala juu ya lile gauni kwenye kiti cha nyuma ili lisikunjwe na masufuria.

Mji wenyewe Ærøskøbing nyumba zake nyingi ni za miaka ya 1700, fupi, zimepakwa njano na pinki na bluu, milango chini mpaka mume wangu anainama, na mbele ya kila nyumba maua marefu kuliko mimi yameota kwenye nyufa za mawe ya barabara kama hakuna aliyeyapanda. Siku moja kabla unatakiwa upeleke pasi na karatasi zenyewe halisi zikaguliwe. Kwenye korido tulikuwa jozi kadhaa tumekaa kimya tumeshika mafaili, kila mtu na lugha yake, na kila mtu ana ile sura ya mtu aliyewahi kurudishwa dirishani. Yule mama wa ofisi akaangalia, akagonga, akasema tuonane kesho. Nikamuuliza mume wangu, ndo basi? Akasema ndo basi. Nilitaka kulia, sio mahaba, hasira ya ule muda wote tuliopoteza.

Jioni ikawa kazi. Tulipanga nyumba yenye bustani nje kidogo ya mji. Shoga na mumewe wakamenya ndizi za Uganda tulizonunua Steindamm, ile mtaa ya Hamburg karibu na stesheni kuu yenye maduka ya Waafrika na Waturuki, ndizi za machalari, kile chakula chetu cha ndizi na nyama, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu na hatukukumbuka kubeba mafuta ya kupaka. Bibi jirani na wifi wakakata mabaki ya kitenge pembe tatu wakatundika kwenye uzi. Maua tulinunua barabarani, kuna vibanda havina muuzaji, unachukua viazi au maua unaacha hela kwenye kopo, mume wangu akadumbukiza sarafu za kroni zile zenye tundu katikati kama shanga. Jani la isale nilitoka nalo Hamburg. Nina mmea sebuleni nilinunua kwenye duka la fenicha, Wazungu wanauweka kama pambo, ni Dracaena, jamii ile ile ya masale yetu ya mpakani, nikakata jani moja nikalifunga fundo katikati ya maua.

Na ndafu. Kuchoma mbuzi mzima kwenye nyumba ya kupanga, mwenye nyumba angetufukuza. Rafiki wa mume wangu, kazi yake kompyuta ila anaoka mkate kama mtawa, akasema nionyesheni huyo mnyama. Nikamwekea video za harusi za Moshi akatazama kwa umakini anaandika kwenye daftari, urefu wa shingo, pembe, akakanda unga akamjenga mbuzi kwa sehemu, kiwiliwili peke yake, kichwa peke yake, akamuunga kwa vijiti. Kwenye oveni mbuzi akaumuka. Miguu ikamezwa na tumbo, shingo ikawa fupi, macho ya zabibu yakatazamana. Tukamtia majani ya saladi mdomoni, tukamuacha apoe, kila mtu anapita anamwangalia, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kucheka.

Ndoa ilikuwa saa 5 asubuhi, Kibosho saa 6 mchana. Simu tuliegemeza kwenye vitabu, upande wa pili sebule ya baba imejaa, wote njano ya haradali. Mfungishaji alisema kwa Kijerumani, maneno machache mazuri, wifi na shoga mashahidi, ni dakika chache tu mtu ukipiga chafya umekosa ndoa. Niliposema ndiyo picha ikaganda, baba kakwama mdomo wazi na macho yamefumba, nikavishwa pete mbele ya sura hiyo. Tukasaini. Yule mama anatupongeza ndo simu ikazinduka, vigelegele vya mama na shangazi zote vikaingia kwa mkupuo kwenye kile chumba kidogo cha kimya mpaka akarudi nyuma hatua. Akauliza kuna tatizo? Shoga akamjibu hapana, ndo wamefika.

Bustanini upepo ulikuwa unapeperusha saladi ya viazi ya mama mkwe kutoka kwenye sahani. Baba mkwe alikuwa amebeba gogo kutoka kwao, kweli, gogo zima kwenye buti ya gari, pamoja na msumeno wa mishikio miwili, kwao bwana na bibi harusi wanalikata pamoja watu wanaangalia kama mnajua kuvutana kwa zamu. Shoga ameshika simu anawatangazia wa Kibosho kila hatua, akasema kwa sauti yake ya harusini, "Na sasa maharusi wanakwenda kukata gogo!" Kule sebuleni ikawa vurugu, shangazi mmoja alitoka nje kabisa. Mume wangu anauliza wanacheka nini, nikamwambia vuta msumeno.

Ndafu tukaiingiza kwa muziki kama inavyotakiwa, rafiki mwokaji kaibeba juu ya ubao, Wajerumani nyuma yake kwenye mstari na sare zao, baba mkwe shati limemkaba anacheza mabega. Tukaizungusha mpaka mbele ya simu. Baba akavaa miwani. Akamtazama mbuzi muda mrefu.

"Huyo mbuzi ana mimba?"

Hapo ndo nikajua amenisamehe, maana baba akinuna hatanii. Akatuelekeza mwenyewe namna ya kukata, nani alishwe kwanza, wakwe kabla ya marafiki, hapana sio hivyo, mshike kisu wote wawili. Mama mkwe akalishwa sikio la mkate akatoa machozi, sijui kwa nini sikio. Bibi jirani alikula machalari sahani mbili akaniuliza hizi ni viazi vya wapi.

Karibu saa 4 usiku bado kuna mwanga, baba alikuwa bado hewani, kwao giza limeingia zamani. "Huko jua halina kwao?" Nikageuza simu aone bahari. Akasema ni pazuri ila hakuna milima. Afu akampa simu baba mdogo, nikasikia karatasi zinafunguliwa, kiti kinavutwa.

"Hongera sana mama. Hiyo ya huko imeisha salama, tunamshukuru Mungu. Sasa ya hapa kikao cha kwanza ni Jumapili baada ya misa ya pili, mimi ndo mwenyekiti. Ahadi yako niandike kwa shilingi au kwa euro?"