Ondoa mchezo kwanza, kompyuta baadaye

Fundi mwenye milingi ndogo ya mezani (mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka), ile ya kuzungusha handeli, akitaka kuiendesha kwa kompyuta huanza kuulizia mota. Mota ndiyo sehemu rahisi. Kinachoharibu kazi ni mchezo wa skrubu inayosukuma meza, yaani ulegevu wake: handeli inazunguka, meza haijasogea. Mkono wa fundi unaujua mchezo huo na unaufidia wenyewe. Kompyuta haiujui, inatuma hatua na kuamini meza imekwenda.

Chukua nyumba ya beringi 6204, kazi ya kila siku kwa anayetengeneza mashine za mkonge hapa Tanga. Tundu lake ni milimita 47. Skrubu ikiwa na mchezo wa milimita 0.25, tundu hutoka na alama nne, juu, chini, kushoto na kulia, pale hasa mhimili mmoja (njia moja ya mwendo wa meza) unapogeuza mwelekeo. Beringi haitakaa.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua chochote. Weka geji ya saa yenye sumaku, ncha yake iguse ukingo wa meza. Sogeza meza upande mmoja mpaka mshale uanze kutembea, weka sifuri, endelea milimita 1, kisha rudisha handeli milimita 1 ileile. Mshale usiporudi sifuri, tofauti ndiyo mchezo wako. Halafu shika meza kwa mikono miwili, isukume na kuivuta bila kugusa handeli. Ikicheza, angalia kwanza beringi za mwisho wa skrubu na kabari za reli, zile zinazobana meza isicheze kwenye reli zake. Wengi hulaumu nati ya skrubu kumbe skrubu nzima inatembea mbele na nyuma ndani ya kishikio chake. Kabari zikazwe mpaka meza iende kwa uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Ikigoma nchani na kulegea katikati, reli imelika katikati, na hilo halitibiwi kwa mota.

Mchezo ukiwa wa nati yenyewe, badilisha skrubu. Skrubu ya gololi, ambayo nati yake hutembea juu ya gololi, aina ya SFU1605 (kipenyo milimita 16, mwendo milimita 5 kwa mzunguko) inafaa mashine za saizi hii. Agiza ikiwa imeshachongwa ncha zake, maana chuma chake kimetiwa ugumu na kisu cha kawaida hakikiwezi. Nati usiifungue mpaka itoke: gololi zote zitamwagika sakafuni. Ukilazimika kuitoa, ihamishie kwenye kipande cha bomba chenye kipenyo cha nje kidogo kidogo kuliko kiini cha skrubu.

Hapa kuna hatari isiyosemwa vya kutosha. Skrubu ya gololi haijifungi, yaani uzito ukiisukuma inazunguka yenyewe. Umeme ukikatika, kichwa cha mashine kinaweza kushuka chenyewe na kisu kikazama kwenye kazi, au kwenye mkono. Mhimili wa wima uwekewe uzito wa kusawazisha, springi ya gesi au mota yenye breki.

Mota za stepa, zinazozunguka kwa hatua, za saizi ya NEMA 23 zinatosha. Ya wima iwe na nguvu zaidi. Draiva (vifaa vinavyoipa mota umeme kwa amri ya kompyuta) za DM542 na umeme wa volti 36 zinakwenda vizuri. Kabla ya kuchomeka pawasaplai inayotoa umeme huo, tazama kile kiswichi cha pembeni: kikiwa kwenye 115 na ukaipa 230 yetu, inalipuka hapohapo. Wala usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme; draiva inaungua.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva ikigawa kila hatua mara 8 unapata 1600. Gawa kwa 5, ni 320 kwa milimita. Kwenye GRBL, programu ndogo inayoongoza mota, andika $100=320, na $101 na $102 vilevile kama skrubu zote ni sawa. Anza na kasi ya milimita 1000 kwa dakika. Mota ikipiga kelele na kusimama, punguza kwanza mchapuko, yaani jinsi kasi inavyopanda haraka ($120 hadi $122), usikimbilie kununua mota kubwa. GRBL ya kawaida haifidii mchezo. LinuxCNC na Mach3, programu nyingine za kazi hiyo, zinafidia, lakini kisu kikivuta meza hakuna programu inayoizuia.

Swichi za mwisho wa safari tumia zile zinazokatika zinapoguswa, na uweke $5=1 na $21=1. Waya ukikatika, mashine inasimama. Waya zake ziwe na wavu wa chuma, wavu uungwe ardhini upande mmoja tu. Bila hivyo kelele za umeme za mota ya spindo, ile inayozungusha kisu, zitasimamisha kazi katikati. Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa draiva na spindo moja kwa moja, kisipitie kompyuta.

Hewa ya chumvi ya hapa hula viungo vya waya. Usipake risasi ya kulehemu ncha za waya zinazobanwa na skrubu, zinalegea. Bana vifuko vya shaba kwenye ncha hizo. Boksi la umeme lifungwe, chembe za alumini zisiingie. Jioni futa skrubu na reli, paka mafuta ya reli namba 68, kisha peleka meza mwisho hadi mwisho mara mbili ili yaingie kwenye nati.