Tanzia ya Mwalimu ilivyonitoa jasho mpaka ikachapwa jaridani

Nianze na ushauri mbovu kuliko wote niliopewa nilipotaka kumwandikia mwalimu wangu marehemu tanzia ya jarida la kitaaluma, yaani makala ya kueleza maisha na kazi zake: "Tanzia haina kazi ngumu, hiyo si utafiti. Kaa jioni moja, umwage moyo wako, tuma." Aliyeniambia hivyo ana makala chungu nzima zilizochapishwa, nikamwamini. Nikakaa jioni, nikaumwaga moyo, nikatuma. Kilichotoka kilitoka miezi saba baadaye, na hakikuwa kile nilichotuma.

Marehemu alikuwa mwalimu wangu wa isimu na msimamizi wa tasnifu yangu, mtu wa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika maneno. Mpe sentensi moja ya lugha asiyoijua, atakaa nayo wiki nzima kwenye kaseti, anarudisha nyuma, anasikiliza, anarudisha tena, mpaka alama za vitufe vya redio yake zilishafutika zote. Alipofariki, siku ya tatu nilikuwa na maneno 2,600 mkononi na nikajiona shujaa. Mwalimu alikuwa "nguli", alikuwa "gwiji", alikuwa "mbuyu", na mwisho nikapigilia lile la watu wote: ameacha pengo lisilozibika.

Mhariri alijibu kwa mistari minne. Nafasi ya tanzia ni maneno 900. "Nguli" imetokea mara tisa. Hajaona popote panaposema marehemu aligundua nini. Na la mwisho, lililonichoma: "Pengo lipi? Tuoneshe lilipo."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliisoma kazi yangu kwa sauti, na aibu ikanishika. Ukilifuta jina la Mwalimu ukaweka la mtu yeyote aliyewahi kushika chaki, hakuna aya ambayo ingeharibika.

Nikaona niende kusoma wakubwa walifanyaje. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ina mfululizo maalumu wa tanzia za wanachama wake tangu 1932. Mwaka 1955 ukabadilishwa jina, na katika juzuu la kwanza la jina jipya ndimo ilimo ile ya mwanahisabati Alan Turing, iliyoandikwa na Max Newman. Newman alimfundisha Turing, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa naye Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa siri wa adui. Lakini kazi ya kule ilikuwa bado siri, na dunia ilikuja kuisikia miaka ya 1970. Kwa hiyo Newman akaivuka miaka ile kwa maneno machache, nguvu zake akazipeleka kwenye hisabati: swali lilikuwa lipi, na Turing alilivunja vipi. Nikasoma pia kuhusu van der Waerden, aliyemwandikia tanzia mwanahisabati Emmy Noether katika jarida la hisabati la Mathematische Annalen mwaka 1935, hukohuko Ujerumani, miaka miwili baada ya mama huyo kufukuzwa kazi chuoni kwa sababu ya Uyahudi wake. Naye hakuishia kwenye sifa. Alitafuta kanuni moja iliyokuwa ikiongoza fikra za Noether zote.

Kanuni moja. Sasa ya Mwalimu ilikuwa ipi? Mimi niliyekaa naye miaka yote ile, sikuwa na jibu.

Hapa ndipo nitajisifu kidogo, mnivumilie, kwa sababu ujanja huu sikufundishwa na mtu. Wenzangu waliniambia nikusanye salamu za rambirambi. Nilizikusanya, zote zilisema alikuwa mcheshi na mnyenyekevu. Salamu za msiba watu huandika wakiwa na machozi, na machozi hayana habari. Nikajiuliza: ni wapi watu walimwandika Mwalimu akiwa hai, bila kujua kama kuna msiba mbele? Nikakumbuka ukurasa ambao hakuna anayeusoma isipokuwa aliyetajwa: shukrani za tasnifu.

Nikaanza kuzitafuta, moja baada ya nyingine. Nyingine zilikuwa kwenye hifadhi za vyuo mtandaoni, nyingine ilibidi mtu aingie maktaba anipigie picha ukurasa mmoja tu, na maktaba moja walinitaka nieleze kwa maandishi kwa nini nataka shukrani na sitaki tasnifu. Nilipata kumi na tisa. Nikazichapisha, nikazitandaza sakafuni kwa mfuatano wa miaka, nikawa natambaa juu yake na kalamu nyekundu kama mtoto.

Ya tano ilisema: "Namshukuru msimamizi wangu aliyerudisha sura yangu ya pili ikiwa na maneno mawili tu pambizoni." Haikuyataja. Ya tisa ilisema amemfundisha kuuliza "Nani kasema?" Ya kumi na moja, mtu mwingine kabisa, miaka kumi baadaye: "Nani kasema? bado inaniamsha usiku." Nikainuka, nikafungua rasimu yangu mwenyewe ya zamani iliyolala kabatini. Ukurasa wa 34, kwa penseli, mwandiko wake uleule uliolala kama majani kwenye upepo: Nani kasema?

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka.

Ndiyo ikawa aya ya kwanza. Kutoka hapo kazi ikaenda yenyewe, maana hata utafiti wake ulikuwa hivyohivyo: sarufi za zamani zilisema vitenzi fulani havina toni, kila mtu akanakili, yeye akauliza nani kasema, akarudi kwa wasemaji wenyewe na kaseti zake. Hilo ndilo alilogundua, na ndivyo alivyoligundua. Vivumishi nilivikata vyote isipokuwa kimoja, ambacho sitawaambia.

Msidhani nilikuwa nimemaliza. Kumbe kuna mwenzake wa zamani naye aliliandikia jarida lilelile, na mimi kichwa changu hakikuniambia niulize kwanza kama nafasi ina mtu. Ulizeni. Mstari mmoja tu kwa mhariri kabla hujaandika hata neno. Tuliunganisha kazi, yeye alijua miaka ya ujana wa Mwalimu, mimi ile ya mwisho. Tuligombana juu ya nukta mkato moja kwa siku nne, na bado naamini nilikuwa sahihi.

Kisha mwaka wa kuzaliwa. Pasipoti ilikuwa na wake, wasifu wa kazi ulikuwa na wake. Nikampigia kaka yake, akacheka mpaka akakohoa: "Yote ya uongo. Nilimpeleka shule mimi mwenyewe, nikampunguzia miaka miwili wasije wakamkataa." Mhariri hakutaka simulizi, alitaka maandishi, basi mzee akaandika barua pepe ya mstari mmoja, yote kwa herufi kubwa. Miaka hiyo inakaa kwenye kichwa cha tanzia, kwenye mabano, na wengine watainakili milele, kwa hiyo usiione ni kero ndogo.

Picha ndiyo nusura inishinde. "Chukua ile ya mtandaoni," waliniambia watu watatu tofauti, wote wasomi. Nikaichukua. Jarida likauliza: nani aliipiga, na ruhusa iko wapi? Hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya mpiga picha, si ya aliyepigwa, hata kama amefariki. Aliyeipiga hakujulikana, na hata hivyo ilikuwa ndogo hivi kwamba ukiikuza Mwalimu anageuka vigae vya bafu. Nikamwendea mjane. "Shikamoo mama, nina shida ya picha." Akatoa albamu mbili, na katika kila picha Mwalimu ama amefumba macho ama kakatwa kichwa. Mwishowe mwanafunzi wake mmoja alikuwa nayo: kavaa vipokea sauti, kidole juu ya kitufe, mdomo umeachama kidogo anasikiliza. Akanitumia faili kubwa pamoja na sentensi moja ya ruhusa. Mama alipoiona akasema, "Huyu ndiye." Akaniomba jambo moja, kwamba ugonjwa usitajwe. Sikutaja. Nilimkumbuka Newman.

Gharama? Niliambiwa nijiandae kulipia kurasa. Niliuliza, nikajibiwa kuwa tanzia hawatozi, na majarida mengi ni hivyo. Hela zangu ziliishia kwenye muda wa maongezi, karatasi na wino, sikuhesabu. Ila katikati ya msiba iliniingia barua pepe ya jarida nisilolijua likijitolea kuchapa tanzia ndani ya siku mbili kwa malipo. Waliongeza pole, wakakosea jina la marehemu.

Tanzia haikupelekwa kwa wahakiki, wale wataalamu wanaopima makala kabla hazijachapwa, mhariri aliisoma mwenyewe, na nawaambia hiyo si nafuu hata kidogo. Raundi tatu. Wakati huohuo kulikuwa na makala yetu ya pamoja iliyokuwa bado inahakikiwa. Hiyo ikatoka na kale kamsalaba mbele ya jina lake na tanbihi ya tarehe ya kifo, baada ya familia kukubali kwa maandishi. Nilikaona kamsalaba hako kabla ya kuiona tanzia yenyewe, na ndiko kalikoniliza.

Sasa nimekuwa mjanja. Royal Society huwaomba wanachama wao waache kumbukumbu zao wenyewe wangali hai, na nikaona ni akili. Nikamwendea mzee mwingine wa idara yetu, mstaafu, mzima wa afya. Nikamwomba kwa adabu zote orodha ya kazi zake, mwaka wake halisi wa kuzaliwa, na picha nzuri.

Alinitazama muda mrefu. "Umeshaanza kunichimbia kaburi?"

Nikaomba radhi, nikaondoka mkia miguuni. Baada ya siku mbili likaingia faili la kurasa kumi na moja, limepangwa kwa miaka, na picha ya kijana mwenye nywele nyingi nyeusi. Chini yake ameandika: "Ni ya zamani kidogo. Tumia hiyohiyo."