Ulitumikia Jeshi la Marekani, Sasa Unaishi Kenya: Nani Analipa Hospitali?

Askari wa zamani wa Marekani akirudi kuishi Nakuru au Kisumu, huambiwa kwamba matibabu ya VA (idara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani) ameyaacha uwanja wa ndege. Si kweli. Upo mpango uitwao Foreign Medical Program (FMP) unaogharamia matibabu nje ya Marekani. Ila hulipia tu ugonjwa au jeraha ambalo VA imekubali lilitokana na utumishi, pamoja na maradhi yanayolizidisha. Malaria ya wiki jana ni juu yako, kwa hiyo usiache kuchangia SHA, bima ya afya ya Kenya.

Asilimia ya ulemavu uliyopewa na VA haijalishi. Hata ugonjwa wa 0% unaingia, mradi umo kwenye barua ya uamuzi ya VA. Kama haumo, anza kwa kuiomba VA iukubali. Aliyetumwa Djibouti kuanzia Septemba 11, 2001 akaja kuugua pumu baada ya utumishi, sheria ya Marekani iitwayo PACT, ya 2022, inamwondolea mzigo wa kuthibitisha chanzo.

Kujiandikisha ni fomu 10-7959f-1; madai huambatana na 10-7959f-2, ndani ya miaka 2 tangu siku ya matibabu. Fomu zenyewe hazina shida. Shida ni bili.

Hospitali zetu hazioni haya kuandika mstari mmoja: "Dawa, 4,500." Hapo umekwama. Bili ionyeshe jina na anwani ya hospitali, tarehe, ugonjwa uliotibiwa, na kila huduma na bei yake. Dawa iwe na jina, kipimo na idadi: "salbutamol, mikrogramu 100, inhela 1." Mwombe daktari aongeze "albuterol" pembeni, maana Marekani dawa hiyohiyo inajulikana hivyo. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba umelipa, hausemi umelipia nini. Uambatanishe na risiti.

Kosa baya zaidi hufanyika chumba cha daktari. Barua ya VA inasema pumu, yeye anaandika "kikohozi." Anayepitia madai haoni uhusiano, anakataa. Mpe daktari nakala ya barua kabla hajashika kalamu.

Hospitali inaweza kudai FMP moja kwa moja, lakini nyingi zitataka pesa mkononi kwanza. Basi lipa, tunza nakala ya kila karatasi, utume madai mapema. Miaka 2 huisha haraka ukiwa bado unafukuzia muhuri wa mhasibu.