"Mishipa migumu" mara tatu kwa siku moja

Saa 2 asubuhi. Trei ya slaidi iko mezani kwangu, maabara ya patholojia, na fomu ya juu ina maneno mawili tu: "mishipa migumu". Ni sawa na kumwandikia fundi "gari bovu", maana jina hilo hubeba magonjwa matatu tofauti.

Sampuli imetoka kwenye mguu uliokatwa wa mgonjwa wa kisukari. Ilibidi ilazwe kwenye asidi kwanza, maana kisu kilikwaruza kama kinakata ganda la yai. Chini ya hadubini, chokaa imejaa tabaka la kati la ateri, lakini njia ya damu iko wazi. Huu ni ugonjwa alioueleza mwanapatholojia Mjerumani Mönckeberg mwaka 1903. Mshipa wa hivi haubonyeki, kwa hiyo presha ikipimwa kifundoni namba hupanda na kudanganya watu.

Saa 5. Kipande cha figo. Hapa ni vishipa vidogo, yaani ateriolosklerosisi. Presha ya miaka mingi au kisukari huacha kuta nene, za waridi, zinazong'aa kama kioo. Leo kuta zimepangana tabaka kwa tabaka kama kitunguu, alama ya presha iliyopanda vibaya sana. Nikapiga simu wodini, ripoti itafuata.

Chakula cha mchana kikapita hivi hivi.

Saa 8 mchana. Ateri ya moyo wa marehemu, aterosklerosisi yenyewe, yaani mafuta yaliyojikusanya ukutani mwa mshipa na kufanya bonge liitwalo plaki. Daktari ninayemfundisha akachungulia.

"Dokta, hii ni aina ya VI."

"VI ya namna gani?"

Kimya. Simlaumu. Mfumo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa miaka ya 1990 huanza na seli chache za povu (seli zilizojaa mafuta), aina ya I, ukapitia michirizi ya mafuta hadi plaki yenye kiini cha mafuta, kisha huitupa kila plaki iliyovuja au kugandisha damu kwenye VI. Mwanapatholojia Virmani na wenzake walipendekeza mwaka 2000 tutaje kilichotokea: kofia, yaani utando unaofunika plaki, imepasuka, uso umemomonyoka, au kinundu cha chokaa kimechomoza. Mimi niko upande wao. Kofia nyembamba chini ya mikromita 65 ndiyo inayonitisha, hata mshipa usipokuwa umeziba sana.

Hii yetu kofia ni nzima, donge la damu limekaa juu yake. Mmomonyoko, nadhani.

Saa 11 jioni. Ripoti mbili zimetoka. Ya moyo nimeizuia na kuomba mikato zaidi ya kipande hicho hicho. Mpasuko mdogo hupenda kujificha katikati ya mkato mmoja na mwingine. Italetwa kesho.