Uzamili wa mifumo ya taarifa Kampala: anza na data, chuo kifuate

Ndugu zetu wa Mwanza, Arusha, Mombasa na Bukavu wanaofikiria kuja kusoma uzamili wa mifumo ya taarifa huku Uganda huanza kwa kuuliza chuo kipi ni kizuri. Swali hilo lina mahali pake. La kwanza lakini ni hili: utachunguza mfumo gani, na nani mwenye funguo za data yake? Masomo ya darasani yana ratiba, yana mtihani, na darasa zima linakuvuta mpaka mwisho wa muhula. Tasnifu haina wa kukuvuta. Wanaokaa Kampala miaka minne kwa shahada ya miaka miwili wengi wao walifaulu masomo yote. Walikwama kwa sababu walianza kutafuta data siku walipopewa msimamizi.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, andika ukurasa mmoja wenye mambo matatu: mfumo unaoutaka, tatizo lake linaloonekana, na ofisi itakayokuruhusu kuingia. Kama hilo la tatu liko tupu, mada hiyo bado.

Uganda kuna mifumo mingi ya kuchunguzwa. Wizara ya Afya hukusanya takwimu za vituo vya afya kwa DHIS2, programu ya kukusanya takwimu za afya iliyoenezwa nchi nzima mwaka 2012. Kliniki za VVU hutumia UgandaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS. Mamlaka ya mapato, URA, ilianza kutumia mfumo wa ankara za kielektroniki uitwao EFRIS Januari 2021, na wafanyabiashara wanaolipa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, wanalazimika kuutumia. MTN ilileta pesa za simu mwaka 2009, na leo wakala yuko kila kona. Kila mfumo kati ya hiyo una mlango wake. Takwimu za jumla za afya huombwa wizarani au kwa mganga mkuu wa wilaya. Rekodi za mgonjwa mmoja mmoja ni jambo zito zaidi, na bila kibali cha maadili usizisogelee. Data ya miamala ya kampuni ya simu usiitegemee kabisa. Badala yake wahoji mawakala na wateja wenyewe. Kwa EFRIS, wenye maduka na wahasibu wao wanafikika kirahisi kuliko seva za mamlaka.

Sasa hapa ndipo penye mtego mkubwa wa fani hii. Mtu akikosa data halisi, hukimbilia hojaji ya kupima kama watumiaji wanaukubali mfumo, akitumia TAM ya mwaka 1989 au UTAUT ya mwaka 2003, nadharia mbili zinazoeleza kwa nini watu huikubali au huikataa teknolojia. Nadharia hizo ni halali na bado zina kazi. Ila ukiuliza watu themanini kama mfumo ni "rahisi kutumia" na "una faida", utapata majibu ambayo mtahini ameshayasoma mara nyingi, na kwenye utetezi atakuuliza umeongeza nini. Tasnifu hupata nguvu pale hojaji inapokaa pamoja na ushahidi mwingine: kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha ripoti ziliingizwa lini, ulinganisho wa daftari la kituo na kilichoandikwa kwenye kompyuta, au mahojiano na karani anayejaza vyote viwili. Kama unapenda kujenga, chukua njia ya utafiti wa usanifu: unatambua tatizo, unajenga kielelezo cha mfumo, unakijaribu na watumiaji, unaeleza kilichofanya kazi na kilichoshindwa. Wanaojenga huanguka kwenye hatua ya kujaribu. Wanatumia miezi yote kuandika programu, wanabaki na wiki mbili za tathmini. Gawa muda wako nusu kwa nusu tangu mwanzo.

Kuhusu sampuli, vyuo vingi hapa hukubali jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linaloonyesha uhoji watu wangapi kulingana na ukubwa wa kundi unalolichunguza. Kundi la watu 50, unahitaji 44. Watu 120, unahitaji 92. Watu 1,000, unahitaji 278. Hesabu hizo ni za hojaji zilizorudi, siyo zilizotoka. Ukitarajia nane kati ya kumi zirudi, kwa 278 peleka 348. Na usitumie jedwali hilo kwa mahojiano ya kina. Huko unachagua watu kwa nafasi zao na unaacha pale majibu mapya yanapokoma kujitokeza.

Vibali navyo vina mpangilio, na ukiruka hatua moja unarudishwa nyuma. Kwanza pendekezo la utafiti lipitishwe na idara. Kisha upate barua ya ofisi unayoichunguza ikisema imekubali. Kisha kamati ya maadili ya utafiti, na baada ya hapo usajili kwenye baraza la taifa la sayansi na teknolojia, UNCST. Kamati itataka kuona hojaji, fomu ya ridhaa na namna utakavyohifadhi data. Hapa wenzetu kutoka Tanzania na Kenya hushangaa jambo moja: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2005, lakini muuza duka wa Masaka atakujibu kwa Kiganda na wa Mbarara kwa Kinyankole. Fomu ya ridhaa lazima iwe katika lugha anayoielewa mhojiwa, na kamati inaweza kudai tafsiri irudishwe kwenye Kiingereza na mtu wa pili ili ilinganishwe. Weka gharama ya mfasiri na ya msaidizi wa utafiti kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuna njia ya kuikwepa lugha: kukusanya data nyumbani. Inafaa sana, hasa kwa mtu mwenye kazi Dodoma au Kisumu ambaye mwajiri wake ana mfumo wenye matatizo. Lakini vibali havipungui, vinaongezeka. Tanzania utapitia tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, Kenya tume ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, NACOSTI, na kamati ya chuo cha Kampala bado itataka kuona kila kitu. Halafu kuna sheria za ulinzi wa taarifa binafsi: Uganda na Kenya zilitunga za kwao mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Ondoa majina na namba za simu kabla data haijavuka mpaka, na ueleze hivyo ndani ya pendekezo.

Ukishajua mada, ndipo uchague chuo. Makerere, kilichoanza mwaka 1922, kina chuo cha kompyuta na sayansi za taarifa, CoCIS, chenye idara ya mifumo ya taarifa inayosimama peke yake. Hilo ni jambo la maana, kwa sababu kwingine somo hili limefichwa ndani ya sayansi ya kompyuta au ndani ya biashara. Nje ya hapo angalia Mbarara, Kyambogo, shule ya biashara ya Makerere, MUBS, pale Nakawa, Chuo Kikuu cha Kikristo Mukono na vingine. Usisome jina la shahada tu. Fungua orodha ya masomo: ukiona algoriti na nadharia ya ukokotoaji zimetawala, hiyo ni sayansi ya kompyuta hata kama imebatizwa jina lingine. Uzamili wa mifumo ya taarifa unapaswa kukupa uchambuzi wa mahitaji, kanzidata, usimamizi wa miradi, usalama, na mbinu za utafiti za kuhesabu na za kuhoji. Angalia pia walimu wa idara wanachapisha kuhusu nini. Kama hakuna hata mmoja anayegusa mada yako, utapewa msimamizi asiyeijua.

Kisha ingia kwenye tovuti ya baraza la elimu ya juu la Uganda, NCHE, utafute programu yenyewe kwa jina. Chuo kuwa na ithibati hakutoshi. Kila programu ina ithibati yake na ina tarehe ya kuisha. Mwaka 2023 zogo kubwa lilizuka nchini ilipoonekana kwamba programu nyingi, hata za vyuo vikubwa, zilikuwa zimepitwa na tarehe. Piga picha ya ukurasa huo siku unayoomba. Mtanzania achukue cheti cha kutopinga kutoka tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, TCU, kabla ya kuondoka, maana ni TCU hiyohiyo itakayoitambua shahada yake akirudi. Mkenya afanye mawasiliano na tume ya elimu ya vyuo vikuu ya kwao, CUE. Mtumishi wa umma asiache kuomba ruhusa ya masomo kwa maandishi. Akiondoka bila hiyo anajitafutia matatizo ya mshahara na cheo.

Pale Makerere uzamili huwa na mipango miwili. Mpango A ni masomo pamoja na tasnifu. Mpango B una masomo zaidi na ripoti ya mradi. Anayefikiria uzamivu achukue A bila kusita. Anayetaka kupanda cheo kazini na hana hamu ya kuendelea na utafiti, B inamtosha. Jambo la kukumbuka ni kwamba kufaulu katika uzamili ni alama 60. Aliyezoea 50 ya shahada ya kwanza hushtuka muhula wa kwanza, na somo la kurudia hulipiwa.

Ada: uliza kwa barua pepe, upate jibu lililoandikwa. Vyuo vingine humweka raia wa Afrika Mashariki kundi moja na Mganda, vingine humtoza kama mgeni yeyote, na ni huo uamuzi unaobadilisha bajeti yako yote. Uliza ada ya masomo na ada za huduma kando kando, maana tangazo mara nyingi hutaja ya kwanza tu. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, PRN, unayoitoa mwenyewe kwenye mfumo wa chuo kisha unalipa benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie, awe nani. Kwa ufadhili, fuatilia matangazo ya DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa ukanda huu, na ya baraza la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake hapa Kampala. Baraza hilo limewahi kusimamia ufadhili wa uzamili uliomtaka mwanafunzi asome katika nchi mwanachama isiyo yake.

Mpakani, iwe Mutukula au Busia, beba pasipoti, cheti cha homa ya manjano na barua ya udahili. Ukishafika omba pasi ya mwanafunzi kwa mtandao wa uhamiaji. Raia wa Afrika Mashariki hatozwi ada yake.

Makazi hayahitaji maneno mengi. Karibu na Makerere kuna Kikoni, Wandegeya na Nakulabye. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa mbele, kwa hiyo hela hiyo iwe tayari. Vipindi vya uzamili mara nyingi ni jioni, na foleni ya Kampala saa kumi na moja haina huruma, hivyo chumba cha bei nafuu mbali na chuo huishia kwenye nauli ya boda. Chuoni utapata eduroam, intaneti isiyo na waya ya vyuo. Nyumbani nunua bando. Weka nakala za data na makala kwenye diski yako mwenyewe: wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook imefungwa tangu mwezi huo, kwa hiyo usipange kusambaza hojaji yako huko.

Mwisho wa safari uupangie kalenda ya kurudi nyuma. Mahafali ya Makerere kwa kawaida huwa mwanzoni mwa mwaka, Januari au Februari. Kabla yake kuna masahihisho, kabla ya masahihisho kuna utetezi, kabla ya utetezi kuna watahini wa ndani na wa nje, na fomu ya kutangaza nia ya kuwasilisha tasnifu hujazwa miezi mitatu kabla ya kuwasilisha. Mtahini wa nje ndiye usiyeweza kumharakisha. Anayetaka kuvaa joho mwanzoni mwa mwaka awe na rasimu kamili mikononi mwa wasimamizi wote wawili miezi kumi kabla, na data iwe imekusanywa muhula mmoja kabla ya hapo.