Pasaka ya Kampala

Sisi askari wa Tanzania, katika vita dhidi ya Idi Amin, tuliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, Jumatano ya Juma Kuu, ila hakuna aliyekuwa na habari. Tangu tuvuke Mto Kagera tulikuwa tunahesabu miji tu: Masaka, Lukaya, Mpigi. Ijumaa redio ikatangaza kwamba Yusuf Lule ameapishwa kuwa rais, ndipo koplo wetu, Mhaya, akashtuka: "Jamani, leo si Ijumaa Kuu?"

Jumapili afande akaruhusu wachache tupande kilima cha Rubaga, penye kanisa kuu la Wakatoliki, kusali. Miguu yangu ilikuwa hoi tangu kinamasi cha Lukaya, tulikokesha majini huku Walibya wakituporomoshea makombora. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo nilipovua buti, soksi ilibanduka na ngozi. Asubuhi mguu ukavimba, ukagoma kurudi. Basi nikaenda misa na kandambili za kuazima, SMG begani.

Mlangoni tukaombwa tuache silaha. Afande akakataa kwa adabu. Jinja ilikuwa bado mikononi mwa askari wa nduli Amin, na mjini risasi zililia ovyo, nyingine za furaha, nyingine za uporaji. Mwisho mwenzetu mmoja wa Lindi, Mwislamu aliyetusindikiza tu, akaketi kwenye ngazi na kuzipanga zote mbele yake kama muuza miwa.

Misa ilikuwa ya Kiganda, tukaambulia kuitikia Aleluya. Lakini tuliponong'onezana kutafuta nafasi, watu wa benchi la mbele walisogea mbali. Nikawaelewa. Kwa miaka minane, mtu mwenye kombati akiongea Kiswahili mlangoni kwako usiku, ujue kuna mtu anachukuliwa.

Baada ya misa mzee mmoja akatusogelea polepole.

"Nyinyi ni wa Nyerere?"

"Ndiyo, mzee."

Akatushika mikono mmoja mmoja, na mimi wa kandambili akanishika mara mbili. Kisha akina mama wakaleta matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, bado yanafuka moshi, na mchuzi wa karanga. Kuku hakuna, walisema, wanajeshi wa Amin walimaliza. Sisi tuliozoea biskuti na nyama ya kopo, nani angeuliza kuku? Yule wa Lindi alikula kutuzidi wote, tukamwambia Pasaka ameisherehekea kuliko Wakristo. Akajibu mdomo umejaa: "Idi mtanilindia nyinyi."

Jumatatu ikaja amri ya kujiandaa kwenda Jinja. Buti la kushoto nililipasua kisigino kwa kisu ndipo mguu ukaingia.