Anayeziba masikio kwenye daladala sio mdekaji

Wazazi wenzangu wa Mwanza, nimechoka kusikia mwanangu kadekezwa, eti angekula viboko viwili vitatu angekaa sawa. Ana miaka sita. Daladala ikipiga honi pale Buzuruga anaziba masikio analia, lebo ya shati la shule ikimgusa shingoni basi siku imeharibika, dagaa hagusi kabisa, na huyo huyo kutwa anajirusha kwenye kochi na kujigonga ukutani makusudi. Watu wanaona hayo hayaendani, kumbe yanaendana, mambo mengine mwili wake unayapokea kupita kiasi na mengine hayamfikii vya kutosha ndo maana anayatafuta kwa nguvu.

Aliyetuelewesha ni dada mmoja wa tiba kwa vitendo, hawa tunaowaita OT, wanaotibu kwa michezo na kazi za kila siku, ambao chuo chao kiko kule KCMC Moshi. Alituambia mbali na zile hisia tano za darasani ipo ya sikio la ndani inayokujulisha kama unasogea na kichwa kimeinamia wapi, na ipo ya misuli na maungio inayokujulisha mkono wako uko wapi hata ukifumba macho. Mama mmoja wa Marekani, A. Jean Ayres, naye OT, ndo alijenga haya mawazo na kuyatolea kitabu mwaka 1972, na mpaka leo tiba yenyewe ukiiona utadhani mtoto kaja kucheza tu, kumbe kila mchezo umepangwa.

Kunyoa ndo ilikuwa vita kwetu. Dada akasema kwanza mkandamize mabega na kichwa kwa viganja, taratibu ila kwa nguvu ya kutosha, maana wengi mguso mwepesi ndo unawakera zaidi. Afu mashine ashike mwenyewe ikiwa imezimwa, aiwashe, aisikie mkononi, na kinyozi amwambie kabla ya kumgusa. Tukaenda saloon asubuhi kabla redio haijafunguliwa, kinyozi wetu Igoma Mungu ambariki, akakubali kwenda kwa vituo. Nyumbani anabeba ndoo ndogo ya maji, anasukuma kapu la nguo, anakanda unga wa chapati, hizo kazi nzito za misuli zinamtuliza, ndo tunazifanya kabla ya shule.

Sasa msikimbilie kununua blanketi zito au brashi za kusugua ngozi, ushahidi wake bado ni dhaifu na hela ndo hizo hizo za ada. Na mtoto apimwe masikio, aangaliwe na usonji pia, maana mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishauri hali hii ya mwili kupokea hisia kupita kiasi au pungufu isiandikwe kama ugonjwa unaojitegemea, dalili hizi mara nyingi zinatembea na vitu vingine.

Nyumbani tuna bembea pia, kwa ajili ya ile hisia ya sikio la ndani: ni kitenge kigumu kwenye mti wa mwembe, fundi kaifunga karibu na ardhi. Kwenda mbele na nyuma polepole kunamtuliza, kumzungusha kwa kasi kunampandisha, kwahiyo usiku hatuzungushi. Akigeuka rangi au akisikia kichefuchefu acha hapo hapo, na kama mtoto ana kifafa ongea na mtaalamu kwanza kabla hujafunga kamba.